Baba mkwe wangu Mchina kavuta sigara miaka 49 na hataki skani ya mapafu, nifanyeje?

SWALI: Mimi ni mtu wa Mombasa, nimeolewa na Mchina na tunakaa Flushing, Queens, nyumba moja na wazazi wake. Baba mkwe ana miaka 67, ametokea Fuzhou, amepika kwenye mikahawa ya Kichina hapa New York zaidi ya miaka 20. Alianza kuvuta akiwa na miaka 18. Zamani ilikuwa pakiti nzima kwa siku, sasa anasema amepunguza, ni 12 tu. Asubuhi anakohoa ila anasema ndio kawaida yake. Daktari wake alitaja skani ya mapafu, mzee akakataa, eti mwenye kutafuta ugonjwa huupata. Mume wangu hathubutu kumwambia babake aache. Je, hiyo skani inafaa kweli? Mionzi si ndio itampa hiyo saratani? Na mama mkwe ambaye hajavuta hata siku moja, naye apimwe? Nina mtoto wa miaka 3 humu ndani.

JIBU: Dada yangu, asante kwa kuandika, na nimefurahi umeandika kwa urefu maana hivyo vitu vidogo vidogo ulivyotaja, hiyo "12 tu", hiyo "mwenye kutafuta ugonjwa huupata", ndo vimebeba jibu lenyewe. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ya kila siku ni kuwaandaa watu kwa skani ya mapafu na kukaa nao wanapojaribu kuacha sigara, na kwa vile niko huku huku Queens wazee wa Kichina wa umri wa baba mkwe wako nakutana nao karibu kila wiki. Wengi huja wameshika koti mkononi, hawalitundiki, yani wako tayari kuondoka muda wowote. Kwa hiyo nakujibu kama vile nimeshamuona.

Skani inamfaa, anastahili, na bima inalipa. Lakini skani bila kuacha sigara ni kazi nusu, na yote mawili hayaendi mkiyasema kwa kumtisha. Huyu mzee anajua sigara ni mbaya, hakuna mtu New York asiyejua, kinachomshika ni kitu kingine na ntakifikia.

Kwanza hicho kikohozi. Skani ya aina hii ni kwa mtu asiye na dalili, inatafuta kitu kabla hakijajitangaza. Kama kikohozi ni kile kile cha miaka yote, sawa. Ila muangalie vizuri wewe unayekaa naye: kimebadilika? Kinamuamsha usiku wakati zamani hakikumuamsha? Sauti imekwaruza wiki zinapita hairudi? Kuna damu kwenye kohozi, hata kamstari kembamba tu? Suruali inampwaya? Anasimama katikati ya ngazi za treni kuvuta pumzi? Ukiona hata kimoja katika hivyo usisubiri miadi ya skani ya kawaida, mpeleke kwa daktari wiki hii hii na umtajie dalili kwa majina yake, maana hapo anapimwa kama mgonjwa na vipimo vinakuwa vingine.

Sasa tupige hesabu, maana huku kila kitu kinaanzia kwenye hesabu. Wanatumia kipimo kinaitwa miaka ya pakiti: pakiti moja ya sigara 20 kila siku kwa mwaka mzima ni mwaka mmoja wa pakiti. Tuseme mzee alivuta pakiti nzima toka miaka 18 mpaka 53, hiyo ni 35. Halafu hii miaka 14 ya sigara 12 kwa siku, 12 ni sehemu ya 0.6 ya pakiti, mara 14 unapata 8 na ushee. Jumla 43. Mwongozo wa Marekani uliotoka Machi 2021 unataka mtu awe na miaka 50 mpaka 80, awe amefikisha 20 ya pakiti, na awe bado anavuta au ameacha ndani ya miaka 15. Kabla ya hapo, toka 2013, walikuwa wanataka 30 na kuanzia umri wa miaka 55, na hiyo iliwaacha nje watu wengi wanaovuta kidogo kidogo kwa miaka mingi, Wachina wakiwemo. Mzee wako amepita mara mbili ya kinachotakiwa. Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, wao wanaishia miaka 77 badala ya 80 lakini kwake hilo halina tatizo, na kama anayo basi skani yenyewe halipi kitu ilimradi daktari anapokea malipo ya Medicare, ila kabla ya ile ya kwanza lazima akae na daktari wamuelezee faida na hasara aamue mwenyewe. Hicho kikao ni haki yake, sio urasimu, msikubali kipitishwe kwa dakika mbili. Mjue pia kwamba vipimo vya baadaye, kama skani itaonyesha kitu, vinaweza kuwa na gharama yake, ulizeni mapema.

Hapa kwenye hesabu ndipo watu wengi wanapopotea, na ngoja nkwambie kisa. Kliniki moja niliyowahi kufanya kazi, aliletwa mzee wa Fuzhou kama huyu wako, fomu imeandikwa Mchina basi wakamuunganisha na mkalimani wa Kichina kwenye simu. Mkalimani akazungumza Kikantoni, Kichina kingine ambacho mzee hakielewi. Mzee akatikisa kichwa ndio, ndio, ndio, dakika ishirini nzima, na kwenye faili ikaandikwa anavuta "kidogo" na amekataa skani. Mimi niliingia mwishoni kumpima presha, nikamuona anatazama simu kama mtu anayetazama redio ya nchi nyingine. Tukatafuta mkalimani wa Kimandarini, na bahati alikuwa anakijua na Kifuzhou cha nyumbani kwao. Hatukumuuliza unavuta pakiti ngapi. Tulimuuliza pakiti ukiifungua leo asubuhi inaisha lini. Akacheka, akasema inaisha kabla ya chakula cha jioni. Pakiti ya pili? Ya pili naigawa, jikoni huwezi kuvuta peke yako. Basi hesabu ikapanda ndani ya dakika moja, na kumbe wala hakuwa amekataa skani, alidhani anaulizwa kama anataka kulazwa.

Kwa hiyo siku mnapiga simu kupanga miadi semeni kabisa: lugha yake ni Kimandarini, au Kifuzhou kama ndicho anachokielewa zaidi, na maandishi anasoma yale ya herufi za Kichina zilizorahisishwa. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kisheria kuwapa mkalimani bure, msione haya kuomba. Na tafadhali, mume wako asiwe ndiye mkalimani. Najua ana nia njema, lakini mtoto wa kiume akimtafsiria baba yake maneno ya saratani anayalainisha, au anayaruka kabisa, na baba naye hawezi kusema mbele ya mwanae kwamba anavuta zaidi ya anavyosema au kwamba anaogopa. Mume akae chumbani kama mwana, kazi ya lugha aachiwe mwenye kazi. Kwenu Flushing kuna Charles B. Wang Community Health Center, hao wana mizizi toka 1971 kule Chinatown ya Manhattan na wahudumu wao wengi wanaongea Kichina, mkiweza kuanzia pale mambo yanakuwa mepesi sana.

Je, skani inasaidia kweli? Ndio, na ushahidi wake ni mzito. Marekani walianza utafiti mkubwa 2002, watu 53,454 waliovuta sana, nusu wakapigwa siti skani ya mionzi kidogo, ndo hii hii tunayoizungumzia, nusu eksirei ya kawaida ya kifua, mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu. Majibu yalichapishwa 2011: waliopigwa skani vifo vya saratani ya mapafu vilipungua kwa asilimia 20. Halafu 2020 ukaja wa Uholanzi na Ubelgiji, kwa wanaume wakaona asilimia 24 baada ya miaka kumi. Sababu ni nyepesi kuielewa: saratani ya mapafu ikikamatwa bado iko ndani ya pafu tu, haijatoka, huku Marekani zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa wanakuwa hai baada ya miaka mitano, ikishasambaa mwili ni chini ya asilimia 10. Na pafu halina maumivu ya kukuonya mapema, kinundu kinaweza kukaa ndani kinakua na mtu anapika, anabeba magunia ya mchele, analala vizuri.

Nisikufiche upande wa pili, maana ukimficha mzee na akaja kukiona mwenyewe hatakuamini tena. Katika utafiti ule wa Marekani ilibidi wapimwe watu kama 320 ili mmoja aepushwe na kifo cha saratani ya mapafu. Na karibu robo ya skani zilionyesha kitu, na katika hizo asilimia 96 haikuwa saratani. Ni vitisho vya bure, lakini mtu anakaa miezi halali. Siku hizi afadhali, toka 2014 madaktari wa picha wana mfumo wa kuvipanga vinundu kwa ukubwa: kigumu cha chini ya milimita 6 unaambiwa rudi mwakani kama kawaida, cha milimita 6 mpaka 8 rudi baada ya miezi sita, kikubwa zaidi ndo wanaita mapema au wanafanya vipimo vingine. Kwa mzee aliyezaliwa China miaka hiyo kuna na jambo la TB. Wengi waliwahi kuugua au kuambukizwa bila kujua, na TB iliyopona inaacha makovu na vinundu vyenye chokaa ambavyo kwenye skani vinatokea (sisi wa pwani yetu hilo tunalijua vizuri, makovu hayo tunayo pia). Mwambieni daktari historia hiyo, na kama kuna picha ya zamani ya kifua, hata ile ya kipimo cha viza, ibebeni. Kovu ambalo lilikuwepo miaka kumi iliyopita na halijabadilika linamtuliza daktari kuliko maelezo yoyote.

Kuhusu mionzi: skani hii ni kama milisiveti 1.5, hicho ndo kipimo cha mionzi. Kila mmoja wetu hapa Marekani anapokea kama 3 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani na angani bila kupimwa chochote. Kwa hiyo ni sawa na miezi sita ya kuishi tu. Sio sifuri, na ndio maana hatumpigi kijana wa miaka 30 asiyevuta, lakini kwa mtu wa 67 mwenye miaka 43 ya pakiti hatari iko kwenye ile pakiti ya mfuko wa shati.

Sasa tuje kwenye hofu, maana hapa ndo kazi ilipo. Akisema mwenye kutafuta ugonjwa huupata usimjibu kwa takwimu. Mwanaume wa kizazi chake, aliyevuka bahari, akalala vyumba vya watu sita, akasimama mbele ya moto masaa kumi na mawili ili watoto wasome, anachoogopa zaidi ya kufa ni kuwa mzigo. Skani kwake maana yake ni: wakikuta kitu watoto watauza kila kitu, mwanangu ataacha kazi, nitakuwa mtu wa kubebwa. Nimelisikia hilo kwa maneno tofauti mara nyingi mno. Na kuna familia nyingi za Kichina ambazo mzee akipatikana na saratani anafichwa, wanaambiwa watu wote isipokuwa yeye, na yeye analijua hilo kwa sababu pengine na yeye aliwahi kumficha mama yake. Kwa hiyo kabla ya skani mpeni nafasi ya kusema: kikionekana kitu unataka nani aambiwe kwanza, wewe au mwanao? Hapa Marekani mgonjwa ana haki ya kuchagua hilo na daktari atalifuata. Wazee wengi wakishaulizwa hivyo tu mabega yanashuka.

Maneno ya kumwambia yawe haya au ya mfano wake: skani hii sio ya kutafuta ugonjwa wa kulala kitandani, ni ya kutafuta kitu kidogo ambacho kikitolewa unarudi nyumbani. Anayekuwa mzigo ni yule aliyechelewa. Na asiyasikie kwako kwanza. Wewe ni mkwe, tena mgeni wa kabila, maneno hayo kutoka kwako yatamfanya aone haya hata kama ni ya kweli. Yasemwe na daktari, au na rafiki wa rika lake aliyepimwa. Kazi yako wewe ni kupanga miadi na kumsindikiza, na mjukuu akiwepo kwenye kumsindikiza ni bora zaidi.

Kuacha sigara sasa. Ukiangalia anakotoka utamuelewa. China ina wavutaji zaidi ya milioni 300, wanaume karibu nusu wanavuta, wanawake ni kama asilimia 2 tu. Sigara kule ni salamu. Unampa mtu kwa mikono miwili, unamuwashia, kama hawezi kuvuta sa hivi anaiweka juu ya sikio. Harusini bibi harusi anawawashia wageni. Mwaka mpya unapeleka katoni nyekundu kwa mkubwa wako. Hata hapa New York ambapo 2018 waliweka sheria pakiti isiuzwe chini ya dola 13, mtu akirudi kutoka Fuzhou katoni ni zawadi ya kwanza kwenye sanduku. Ukimwambia aache ghafla unamwambia aache na namna yake ya kusalimia watu. Hivyo mpeni jibu la kumlindia heshima yake anapokataa, na lipo, linaheshimika kabisa kati ya wazee wa Kichina: "daktari amenikataza." Hakuna atakayemlaumu. Ndio maana namtaka daktari alitamke kwa sauti mbele yake, tena aliandike.

Atawaambia pia kwamba mtu aliyevuta miaka mingi akiacha ghafla anaugua, mwili unapoteza mizani. Hii nakutana nayo kila mara na msimcheke, ina chanzo chake. Kwanza, watu wengi wanaacha kwa sababu tayari wameanza kuumwa, sasa jirani anaona kaacha mwezi wa tatu kafa mwezi wa saba, anadhani ni kuacha. Pili, wiki za mwanzo kikohozi kinaweza kuongezeka kweli, vile vinyweleo vya ndani ya mapafu vilivyokuwa vimelala kwa moshi vinaamka vinaanza kusukuma uchafu nje. Mwambieni kabla, likitokea asishtuke. Na hapo hapo ndo pa kumletea dawa, kwa sababu dawa zenyewe zinaenda taratibu kama anavyotaka: plasta ya nikotini, kwa mtu anayezidi sigara 10 kwa siku, inaanza ya miligramu 21 kwa wiki sita, halafu 14 wiki mbili, halafu 7 wiki mbili. Mwili unashushwa ngazi kwa ngazi. Ukimuelezea hivyo mzee anayeamini mizani ya mwili anaelewa kuliko vijana.

Plasta peke yake inaacha mapengo, hasa baada ya kula na wakati wa mapumziko ya jikoni, kwa hiyo daktari anaweza kumuongezea bigijii ya nikotini. Kama sigara ya kwanza anaiwasha ndani ya nusu saa toka aamke, ni ile ya miligramu 4. Na hapa watu wanakosea sana: hatafuni kama bigijii ya kawaida, akitafuna mfululizo tumbo litamchafuka na ataitupa. Anatafuna polepole mpaka asikie mwasho wa pilipili, anaibana kati ya shavu na fizi, mwasho ukiisha anatafuna tena, nusu saa. Robo saa kabla ya hapo na wakati iko mdomoni asinywe kitu, hata chai yake, kikombe akisogeze pembeni. Kuna na kidonge cha varenikilini, anaanza wiki moja kabla ya siku ya kuacha, anameza baada ya kula na glasi nzima ya maji la sivyo kichefuchefu, kwa wiki 12. Utafiti wa 2016 wa watu zaidi ya 8,000 ulikuta ndicho kilichowasaidia wengi zaidi kuliko plasta au dawa nyingine, na ile hofu ya zamani kwamba kinavuruga akili haikuthibitika. Aseme kama ana shida ya figo au amepata shambulio la moyo karibuni, maana kipimo cha dawa au dawa yenyewe inaweza kubadilika.

Na hii ya "12 tu" usiidharau wala usiipigie makofi. Utafiti wa San Francisco uliochapishwa 2002 ulionyesha Wachina wa Marekani mwili wao unaisafisha nikotini taratibu kuliko Wazungu na Walatino, kwa hiyo mtu anaweza kuvuta chache na bado akawa ameshikwa sawasawa, nikotini inakaa. Na mapafu yanahesabu zaidi miaka kuliko idadi ya siku moja, miaka 49 ni miaka 49. Kwa upande wa moyo hata sigara moja tu kwa siku inabeba karibu nusu ya hatari ya ziada anayobeba anayevuta 20. Ila kutoka 20 kushuka 12 bila msaada wa mtu kunaonyesha ana nguvu ya kufanya jambo, na hilo mumwambie.

Ushauri wa simu pia unafanya kazi, tena kwa lugha yao. Utafiti wa California uliochapishwa 2012, kwa Wachina, Wakorea na Wavietnamu, waliopewa ushauri wa simu kwa lugha yao walioacha na kukaa miezi sita walikuwa kama asilimia 16, waliopewa vijitabu tu asilimia 8. Pigeni 1-800-784-8669, itawapeleka kwenye huduma ya jimbo la New York, ombeni mkalimani wa Kimandarini pale pale mwanzo. Akisema ni mzee sana kuacha, au akamtaja Deng Xiaoping, kiongozi wa zamani wa China, aliyevuta na kufika miaka 92, ambalo nalisikia sana, usibishane na Deng. Muulize kwa upole wale aliokuja nao, waliokuwa wakitoka naye mlango wa nyuma wa jiko kuvuta, wako wapi leo. Halafu kaa kimya. Utafiti wa Uingereza uliowafuata madaktari miaka 50 ulikuta hata anayeacha akiwa na 60 anaongeza kama miaka mitatu ya kuishi. Kwa babu mwenye mjukuu wa miaka mitatu, miaka mitatu ni kumpeleka shule akiwa na miaka sita anajua jina la babu yake kuliandika.

Na huyo mtoto ndiye sababu ya jambo moja ambalo halisubiri mzee akubali lolote: ndani ya nyumba isivutwe kabisa, hata dirishani, hata chooni na feni imewashwa, maana moshi unapita chini ya mlango na mabaki yake yanakaa kwenye mapazia na godoro. Mwekeeni kiti chake nje mahali pazuri, pa kuheshimika, asionekane kama mtu aliyefukuzwa. Akirudi abadilishe shati, anawe mikono ndo ambebe mtoto. Hili mume wako anaweza kulisema kwa baba yake, kwa sababu anamuombea mtoto.

Mama mkwe, kwa mwongozo wa Marekani hapana, asiyevuta hapimwi. Lakini swali lako ni zuri sana, maana zaidi ya nusu ya wanawake wa asili ya Asia wanaopata saratani ya mapafu huku Marekani hawajawahi kuvuta. Taiwan waliwapima watu 12,011 wasiovuta ila wenye hatari nyingine, kama ndugu wa damu aliyeugua au kupika sana kwa mafuta ya moto, wakakuta saratani kwa asilimia 2.6, na toka 2022 serikali yao inawapima pia wenye historia ya familia. Kuna mabishano bado, vingine vinavyokutwa hivyo pengine visingemsumbua mtu maisha yake yote. Kwa hiyo muulize mama kama mzazi wake au ndugu yake aliwahi kuugua saratani ya mapafu, kama yupo amwambie daktari wazi wazi. Kikohozi kinachozidi wiki tatu asiambiwe ni baridi kwa sababu eti havuti. Na jikoni, ule mvuke wa mafuta yanayofuka kwenye karai shirika la saratani la WHO liliuweka 2010 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kuleta saratani: awashe feni ya juu ya jiko kabla ya kuweka mafuta, afungue dirisha, na asisubiri mafuta yafuke ndo atie vitunguu. Baba naye kauvuta huo mvuke miaka zaidi ya 20 juu ya sigara, daktari aambiwe.

Siku ya skani yenyewe haina mambo. Ale kama kawaida, hakuna sindano, hakuna kuvua nguo zote, avae fulana isiyo na zipu wala vifungo vya chuma. Atalala chali, mikono juu ya kichwa, meza inaingia kwenye duara kubwa lililo wazi pande zote mbili, sio lile bomba refu la kelele. Sauti ya mashine itamwambia ashike pumzi, na mara nyingi inasema Kiingereza, sasa mfundisheni nyumbani: vuta, shika, hesabu mpaka kumi, achia. Mjukuu afanye naye mazoezi mezani. Wazee wengi wakishuka wananiuliza ndo imeisha? Imeisha. Pale mapokezi kabla hamjaondoka ombeni mambo mawili, majibu yaje kwa Kichina au yasomwe kwa simu na mkalimani, na tarehe ya mwakani iandikwe kabisa, maana hii ni ya kila mwaka, ya mara moja haitoshi.